Kipande cha Askari Mzee

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya deni, na habari ya karatasi ndogo ambayo ikipotea, mtu aweza kukosa malipo aliyoyatolea jasho la ujana wake.

Mwaka wa 1996 tulikuwa darasa la tano katika kijiji kimoja cha Ufipa, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Sumbawanga. Jioni moja ya mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali, alifika nyumbani kwetu jirani yetu mzee. Mzee huyu alikuwa askari wa Keya katika Vita vya Pili, akapigana Burma. Alikaa karibu na moto, akasema, "Mjukuu wangu, wewe wajua kuandika. Niandikie barua kwa Waingereza. Waambie nimezeeka, jembe limenishinda. Niliwatumikia, nao wanikumbuke."

Tukaleta daftari letu la shule, tukamwuliza, "Babu, kipande chako cha jeshi kiko wapi?" Akacheka. "Kililiwa na mchwa pamoja na kisanduku chake. Lakini namba yangu ninayo." Akasimama, akanyosha mikono ubavuni, akaitamka namba yake tarakimu moja moja bila kusita, kana kwamba afisa amesimama mbele yake. Ilikwisha kupita miaka hamsini tangu aliporudi kwao.

Tutarudi kwa mzee huyu. Kwanza yafaa tuwatazame wengine waliodai kama yeye, maana nchi yetu ya Ufipa imeyaona mambo haya kwa karibu.

Katika Vita vya Kwanza, boma la Wadachi katika Ufipa lilikuwa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, nao waliliita Bismarckburg. Waingereza walilitwaa mwezi wa Juni, 1916. Jemadari wa Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliendelea kupigana hata baada ya vita kwisha Ulaya, kwa kuwa habari zilichelewa kumfikia. Aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, 1918, huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia, kusini ya uwanda wetu. Pamoja naye walikuwako askari Waafrika zaidi ya elfu moja. Walipelekwa Kasanga, wakapanda meli hadi Kigoma, kisha wakaenda Tabora kwa gari la moshi. Hivyo askari wale walipita katika nchi hii wakiwa wamedai mishahara ya muda mrefu, na mikononi hawana fedha.

Miaka mingi ikapita. Lettow-Vorbeck alifariki mwezi wa Machi, 1964, naye alikuwa na umri wa miaka 93. Mwaka ule ule Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliazimia kuwalipa askari wale waliokuwa wangali hai. Husimuliwa kwamba mlipaji alifungua ofisi Mwanza, wakamjia wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na wengine hawakuwa na kitu. Basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za kijeshi kwa Kidachi. Wasemavyo wasimulizi, hapana hata mzee mmoja aliyekosea.

Habari hii hupendwa na watu, nasi twaipenda. Lakini tufikiri kidogo. Aliyeujua ufagio ule ni askari. Je, mpagazi? Katika vita ile wapagazi walikuwa wengi kuliko askari. Walibeba unga, risasi na wagonjwa, wakafa kwa maradhi na njaa kwa maelfu. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam umepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Wengi waliokufa, mishahara yao haikufika kwa jamaa zao, kwa sababu majina yao na vijiji vyao havikuandikwa sawasawa. Mjane hakuwa na amri ya kijeshi ya kutii mbele ya mlipaji. Wahenga walisema kweli: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tuje katika Vita vya Pili. Watu wa Tanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini. Wengine walikwenda Uhabeshi, wengine Bukini, na mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw huko Burma, katika mvua na matope na homa. Vita ilipokwisha, askari walipewa kiinua mgongo, wakaambiwa warudi makwao. Hapa ndipo wazee wengi walipochanganyikiwa. Kiinua mgongo hutolewa mara moja tu. Pensheni hutolewa tena na tena, nayo kwa desturi ilikuwa ya askari wa utumishi mrefu, au wa aliyepata kilema vitani. Askari aliyechukuliwa kwa ajili ya vita tu, akarudi mzima, hakuwekewa pensheni.

Lakini hata kiinua mgongo hicho hakikuwa sawa kwa wote. Mwaka wa 2019 ilitangazwa hati ya serikali ya Kiingereza ya wakati ule. Hati hiyo yaonyesha kwamba askari Mzungu wa cheo cha chini aliyekaa katika makoloni ya Afrika alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Matope ya Kabaw hayakuchagua rangi ya mtu, bali daftari la mlipaji lilichagua. Mwaka wa 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza kutoa pauni milioni 12 kwa askari wazee na wajane wenye shida katika nchi za Jumuiya ya Madola, ili wapate angalau milo miwili kwa siku. Ni jambo jema, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa ikichelewa mgonjwa haingojei.

Turudi kwa jirani yetu. Barua tuliiandika kwa mwandiko wetu mzuri, tukaweka namba yake, na jina lake lote kama tulivyofundishwa shuleni: jina la ubatizo, kisha la baba. Baada ya miezi minne lilikuja jibu: jina hilo halionekani katika vitabu. Mzee aliisikiliza barua, akanyamaza. Tukamwuliza, "Babu, jeshini uliitwa nani?" Akajibu, "Jeshini? Karani alishindwa na jina langu, akaandika jina la kijiji chetu. Na ubatizo niliupata baada ya kurudi." "Babu, mbona hukuniambia?" "Hukuniuliza, mjukuu wangu."

Tukaandika barua ya pili. Mvua za masika zikaja, mzee akashikwa na kifua, akafa. Miezi miwili baada ya maziko jibu likafika. Jina limeonekana, namba ni sahihi. Sasa aeleze hali yake, ili waangalie kama aweza kusaidiwa. Hawakuahidi kitu, na pengine asingepata kitu. Lakini angaliweza kusikia kwa masikio yake kwamba jina lake limo kitabuni.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, twawasihi. Hati zenu za kazi, za shamba na za ubatizo ziwekeni katika mkebe wa bati wenye kifuniko, mbali na mchwa, na namba zake ziandikeni pia mahali pengine. Jina lako liwe moja katika karatasi zote. Na ninyi wanafunzi, mkiombwa na mzee kumwandikia barua, msianze na kalamu. Anzeni kwa kuuliza: uliitwaje huko, mwaka gani, kikosi gani, mkubwa wako nani, nani alikuwa pamoja nawe? Yaandikeni yote kama asemavyo yeye, wala msimsahihishe.

Sisi tulikuwa na kalamu, naye alikuwa na habari, na kwa swali moja tu ambalo hatukuliuliza, mwaka mzima ulipotea. Mwaka ule ndio uliokuwa wake wa mwisho.