Mabomu Sita ya Makaburu Yalivyovunjwa



Leo tuzungumze juu ya bomu la nyuklia. Bomu moja tu la namna hii laweza kuteketeza mji mzima. Mwaka 1945 Marekani iliangusha mawili nchini Japani, katika miji ya Hiroshima na Nagasaki, na watu wengi mno wakafa. Je, nchi iliyotengwa na wenzake ikiwa na bomu hili, yafaa ifanyiweje? Mfano tunao hapa hapa Afrika.

Serikali ya Makaburu wa Afrika Kusini iliwatawala Waafrika kwa ubaguzi wa rangi. Dunia ikaitenga. Mwaka 1974 ilizuiwa kushiriki katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1977 nchi zote zilikatazwa kuiuzia silaha. Nchi za mstari wa mbele, Tanzania ikiwemo, ziliwasaidia wapigania uhuru.

Lakini Makaburu walikuwa na madini ya urani. Wakajenga kiwanda karibu na Pretoria, wakayasafisha mpaka yakafaa kwa bomu. Katika jangwa la Kalahari wakachimba mashimo marefu ya kulijaribia. Mwaka 1977 setilaiti ya Urusi ikayaona kutoka angani. Mataifa makubwa yakapiga kelele, jaribio likaachwa. Kazi yenyewe haikuachwa. Kwa siri wakatengeneza mabomu sita.

Hapa tutazame vizuri. Kutengwa kuliwabana Makaburu, ila peke yake hakukuwanyang'anya bomu. Mambo mawili yalisaidia kulimaliza jambo hili.

La kwanza, hofu ilipunguzwa. Desemba 1988 Angola, Kuba na Afrika Kusini zilipatana: askari wa Kuba waondoke Angola, na Namibia ipate uhuru. Namibia ikawa huru mwaka 1990. Februari mwaka huo huo Nelson Mandela alitoka gerezani, na Rais de Klerk akaamuru mabomu yavunjwe. Wapo wasemao kwamba hakutaka yaangukie mikononi mwa serikali ya Waafrika. Hata kama ni hivyo, yalivunjwa.

La pili ni ukaguzi. Mwaka 1991 Afrika Kusini ilijiunga na mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Machi 1993 de Klerk akaliambia Bunge kwamba mabomu yalikuwepo, na sasa hayapo tena. Je, neno lake lilitosha? La, halikutosha. Sisi wakulima tukiuza pamba, hatukubali kutajiwa uzito kwa mdomo tu. Twataka kuuona mzani na daftari. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walifanya vivyo hivyo. Walipima urani, wakasoma madaftari ya kiwanda, wakalinganisha. Mashimo ya Kalahari nayo yakazibwa wao wakishuhudia.

Mwaka 1996 nchi za Afrika zilitia sahihi Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha za nyuklia katika bara letu. Ulianza kutumika mwaka 2009, Burundi ilipokuwa nchi ya 28 kuuthibitisha.

Basi ndugu, mkikutana darasani jadilianeni haya:

1. Kwa nini kutengwa peke yake hakukutosha?
2. Kama wakaguzi wasingeruhusiwa kuingia, nani angeamini?
3. Hapa kijijini, watu wawili wakiogopana, tuanze na lipi?