Chombo cha Afya Kipimwe kwa Mtumiaji Wake

Haya ni maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wetu wa huduma za afya katika mkutano wa wenyeviti wa vijiji, wawakilishi wa akina mama na wahudumu wa afya wa kambi. Tunayachapa ili wale ambao hawakufika nao wayasome, au wasomewe.



Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja tu. Siku hizi huduma za afya zinaingia ndani ya simu. Kuna ujumbe wa kumkumbusha mama siku yake ya kliniki. Kuna fomu ambayo mhudumu wa afya huijaza kwenye simu au kishikwambi badala ya daftari. Kuna namba ya kupiga ili kuuliza swali au kutoa malalamiko. Vitu hivi vinaweza kuokoa maisha. Vinaweza pia kupoteza muda wenu na kuitoa siri yenu nje. Tofauti hutokana na swali moja: je, waliovitengeneza waliwauliza kwanza watakaovitumia?

Mpini wa jembe hupimwa kwa mkono wa mlimaji, si kwa mkono wa fundi. Fundi anaweza kuwa hodari sana, lakini si yeye atakayelima. Ndivyo ilivyo kwa chombo cha afya.

Nitatoa mifano ya nchi nne, ili muone kwamba jambo hili limeshajaribiwa.

Mfano wa kwanza ni Malawi. Mwaka 2008, hospitali ya St. Gabriel's, iliyopo Namitete, ilikuwa ikihudumia watu waliotawanyika katika eneo kubwa la vijijini. Wahudumu wa afya wa kujitolea walitembea mwendo mrefu kupeleka taarifa za wagonjwa hospitali. Tatizo lao lilikuwa umbali. Basi wahudumu wapatao 75 walipewa simu za kawaida, zile tunazoziita za kitochi, na hospitali ikawa na kompyuta moja ya kupokea ujumbe wao. Hakukuhitajika intaneti. Mhudumu aliandika ujumbe mfupi kwamba mgonjwa fulani amezidiwa, na hospitali ikajua siku hiyo hiyo. Angalieni: walianza na tatizo la mhudumu, ndipo wakachagua kifaa. Hawakuanza na kifaa halafu wakakitafutia kazi.

Mfano wa pili ni hapa Tanzania. Mwezi Novemba 2012 ulianzishwa mpango wa Wazazi Nipendeni. Mama mjamzito alijiandikisha kwa simu, akawa anapata ujumbe kulingana na umri wa mimba yake. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili, na hakulipa kitu. Mume au ndugu naye aliweza kujiandikisha. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoamua. Ujumbe wa kulipia usingemfikia mama asiye na salio. Ujumbe wa Kiingereza usingemsaidia asiyekijua.

Mfano wa tatu ni Afrika Kusini. Mwezi Agosti 2014, Wizara ya Afya ilianzisha huduma ya MomConnect kwa akina mama wajawazito. Kujiandikisha kuliwezekana kwa simu yoyote, hata ya kitochi. Zaidi ya hayo, mama aliweza kujibu. Aliweza kuuliza swali, kusifu huduma aliyoipata, au kulalamika kwamba alitendewa vibaya au alikosa dawa. Chombo ambacho husema tu bila kusikiliza ni nusu ya chombo.

Mfano wa nne ni Uganda, nao ni onyo. Huko miradi ya afya ya simu na kompyuta ilikuwa mingi mno, kila shirika na wake, na mingi haikuwasiliana na mingine. Mwezi Januari 2012 Wizara ya Afya ilisimamisha miradi hiyo mpaka iwekwe utaratibu. Mhudumu mmoja hawezi kubeba simu tatu za mashirika matatu, na kumwuliza mama mmoja maswali yale yale mara tatu.

Sasa turudi kambini. Hapa ninyi ndio wataalamu. Mtengenezaji wa programu anayekaa mjini hayajui mambo haya mpaka mumwambie.

1. Simu ni ya nani? Katika nyumba nyingi simu ni moja, na watu wanaoitumia ni watano au sita. Mara nyingine laini si ya mwenye simu, imesajiliwa kwa jina la jirani. Kwa hiyo namba ya simu si mtu. Ujumbe uliokusudiwa kwa mama unaweza kusomwa na shemeji.

2. Inachajiwa wapi? Kama kuchaji ni kwa kulipa, mtu huiwasha simu kidogo tu kwa siku. Ujumbe wa saa nne asubuhi huenda akauona siku ya pili.

3. Lugha gani? Hapa kuna wanaosema Kirundi, kuna wanaosema Kibembe, kuna wanaosema Kiswahili cha Kongo. Ujumbe wa Kiswahili cha ofisini unaweza kueleweka vingine kabisa.

4. Nani hajui kusoma? Wazee wengi na baadhi ya akina mama hawasomi. Hao wanafaa kupigiwa simu na kusikia sauti, au kutembelewa na mhudumu.

5. Kazi ya mhudumu inapungua au inaongezeka? Akijaza daftari, kisha ajaze tena simu mambo yale yale, amebebeshwa mizigo miwili. Muda huo unatoka katika kuwatembelea wagonjwa. Kifaa kikija, waulizeni waliokileta: daftari lipi litaondolewa?

Jambo la sita nimeliweka peke yake kwa sababu ni zito. Ni siri ya mgonjwa.

Ninyi mnajua kuliko mimi kwa nini mtu aliyekimbia nyumbani kwake huogopa kuandikwa jina. Kuna mtu anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI na nyumbani hawajui. Kuna msichana aliyebakwa akaenda kutibiwa. Kuna mama anayepanga uzazi bila mumewe kukubali. Ujumbe mmoja ukisomwa na mtu asiyehusika, mtu huyo anaweza kupigwa au kufukuzwa nyumbani. Kwa hiyo ujumbe unaosema "Usisahau dawa zako za UKIMWI" ni ujumbe mbaya, hata kama aliyeuandika alikuwa na nia njema. Ujumbe unaosema "Tunakukumbusha kufika kesho" unatosha. Na mgonjwa aulizwe kwanza: je, tukutumie ujumbe au tusikutumie? Kwa namba ipi? Saa ngapi ni salama kwako?

Hizi si hisani mnazoomba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. UNHCR nayo imekuwa na kanuni za kulinda taarifa za wakimbizi tangu mwaka 2015. Msingi wake ni huu: uelezwe kwa nini taarifa zako zinachukuliwa, uweze kuomba kuziona, na uweze kudai zisahihishwe kama zina makosa.

Basi shirika lolote likileta chombo cha namna hii, nawaomba mfanye hivi:

Kwanza, ombeni kukijaribu kabla hakijaamuliwa. Mhudumu akijaze mbele ya mtengenezaji, mchana wa jua kali, mahali ambapo mtandao ni hafifu. Hapo ndipo kasoro huonekana.

Pili, akina mama wakae peke yao na mwanamke wa kuwauliza. Katika mkutano kama huu wa leo mengi hayasemwi.

Tatu, walemavu, wazee na wasiojua kusoma wawemo. Kikiwafaa hao, kitawafaa na wengine.

Nne, ulizeni nani atasoma taarifa, zitawekwa wapi, na mtu akihama au akirudi nyumbani zitafanywa nini.

Tano, ulizeni juu ya mtu asiyetaka kuandikishwa kwenye simu. Jibu liwe moja: atatibiwa kama wengine.

Sita, dai mrejesho. Mkitoa maoni leo, mwezi ujao mwambiwe ni maoni yapi yamefuatwa, na yapi hayakufuatwa na kwa sababu gani.

Nawaomba pia msikatae kila kitu kwa hofu. Zahanati ikijua mapema kwamba kuhara kumeongezeka katika kijiji fulani, dawa na maji safi vinaweza kupelekwa kabla ugonjwa haujaenea. Simu inaweza kufanya kazi hiyo haraka kuliko daftari.

Lakini simu si dawa, wala si muuguzi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilisema wazi kwamba vyombo hivi haviwezi kuchukua nafasi ya huduma za afya zenyewe. Kumkumbusha mama aje kliniki, kisha akute hakuna chanjo, ni kumchosha bure. Na mtoto akiwa na homa kali, akishindwa kunyonya au akipatwa na degedege, usingoje ujumbe wala usitafute salio. Mpeleke zahanati saa hiyo hiyo.

Wenyeviti, nawaombeni mpeleke maneno haya vijijini. Maswali yenu yaandikwe, au yasemwe kwa mhudumu wa afya wa kijiji, naye atayafikisha kwetu.