Nani Aseme Lipi ni Siri?
(Maneno yaliyotolewa mbele ya kamati za parokia na wafadhili)



Tumeombwa tueleze jinsi tunavyopanga taarifa za watu tunaowahudumia katika makundi matatu: za wazi, za ofisini tu, na za siri. Mtu anaweza kudhani hiyo ni kazi ya karani na kabati lake. Lakini daftari la huduma kwa wagonjwa majumbani lina jina la mtu, kijiji chake na dawa anazotumia. Likisahaulika mezani, mwenye jina hilo anaweza kunyimwa chumba cha kupanga, hata kuvunjiwa uchumba.

Sheria ipo. Hapa Tanzania, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata hivyo sheria haijui mambo ya kijijini.

Ndiyo maana rasimu tuliipeleka kwa wateja wenyewe. Kila aina ya taarifa iliandikwa kwenye kadi, vikapu vitatu vikawekwa sakafuni, wakapanga wao. Wasiojua kusoma walisomewa. Kiasi cha msaada, ambacho rasimu ilikiweka wazi ili watu waone haki inatendeka, akina mama wajane walikitupa moja kwa moja kwenye kikapu cha siri: shemeji akisikia fedha zimeingia, hodi haziishi! Jumla ya kijiji isomwe hadharani, walisema, ya mtu mmoja mmoja hapana. Mabibi wanaolea wajukuu walikubali jina la mtoto lisomwe, ila neno “yatima” lisiambatane nalo. Wanaoishi na virusi hawakukubaliana wao kwa wao, maana baadhi yao hutoa ushuhuda mbele ya watu na hawataki kufichwa. Basi kadi hiyo ikapewa nafasi ya mwenyewe kuchagua, na kubadili baadaye akitaka.

Wengine wametutangulia katika njia hii. Huko Tennant Creek, Australia, wenyeji Wawarumungu walishirikiana na mtafiti Kimberly Christen kujenga hifadhi ya picha na kumbukumbu katika kompyuta, na wenyeji ndio waliosema nani aone nini, kwa kufuata ukoo na jinsia. Waliiita Mukurtu, yaani mfuko wa kutunzia vitu vitakatifu.

Kwenu wafadhili, ripoti zitaleta hesabu na umri bila majina. Kijiji chenye wateja wawili watatu tutakiunganisha na kata nzima, kwa sababu huko hata hesabu tupu humtaja mtu. Kamati nazo zichague nani atashika ufunguo wa kabati, na nani atamkaimu akisafiri.

Suala la picha za watoto bado liko mezani. Vikundi viwili vimezikataa kabisa, kimoja kinazitaka, na tutarudi kwao kabla ya kuchapa chochote.