Malaria Hakuna, Homa Ipo

Mgonjwa anaumwa mgongo na viungo kwa miezi. Kila jioni mwili unachemka kidogo, kipimajoto kinaonyesha nyuzi 37.8. Kipimo cha malaria hakioni vimelea, lakini anaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa mseto ya malaria mkononi. Hili si sawa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kupima kwanza, ndipo kutibu. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, kazi ya kutafuta chanzo ndiyo kwanza inaanza.

Homa ndogo isiyokoma, ikiandamana na maumivu, inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, brusela itokanayo na maziwa yasiyochemshwa, au baridi yabisi. Tena kuna mtego: parasetamoli anayomeza kutuliza maumivu hushusha pia homa, hivyo akifika zahanati anaonekana mzima.

Mgonjwa, pima joto asubuhi na jioni kabla ya kumeza dawa, andika tarehe na saa, kisha mpelekee daktari daftari hilo. Nawe daktari, lisome. Asiyejulikana anaugua nini bado ni mgonjwa, na anastahili kuaminiwa.