Nani Alipie Nguzo za Umeme wa Upepo?

  Anayezungumza nanyi ni bwana shamba kutoka Ukiriguru.

Leo naweka kando viwavi vya pamba. Nitazungumza habari za umeme wa upepo na nani wa kuulipia. Najua mtauliza, bwana shamba na umeme wapi na wapi? Nami nilidhani hivyo, mpaka siku moja nilipokuwa na wakulima wa mpunga katika kata ya Mwendakulima, jirani na uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Tulikuwa tunapiga hesabu ya gharama za kukoboa. Nikasema jirani zetu wa Singida wana upepo mwingi, na kwamba huenda siku moja upepo huo ukazungusha mashine za huku. Mzee mmoja akasimama. Akasema, "Bwana shamba, upepo ni wa Mungu. Haununuliwi dukani. Sasa hapo tutalipia nini?" Watu wakacheka sana, nami nikacheka nao, maana jibu sikuwa nalo.

Basi hebu tuanze na jambo mnalolijua kuliko mimi. Mvua nayo ni ya Mungu, lakini jaruba halijichimbi. Unainua matuta kwa jasho lako, na kama maji yanatoka mbali lazima pawe na mfereji. Kila mtu yuko tayari kuchimba jaruba lake, maana mpunga utakuwa wake. Mfereji unaopita kwa watu kumi ndio unaoleta maneno. Huyu anasema wa juu achimbe, wa juu anasema wa chini ndiye mwenye shida ya maji. Umeme wa upepo uko vivyo hivyo. Mnara wenye mapanga ndio jaruba. Njia ya nguzo na nyaya, inayotoa umeme huko kwenye upepo na kuuleta kwa watu, ndiyo mfereji.

Kuhusu mnara sina maneno mengi. Anayetaka kuuza umeme asimamishe mnara wake kwa fedha yake au kwa mkopo wake, na upepo usipovuma hasara iwe yake. Huko Mufindi, mwaka 2020, kampuni binafsi ya Mwenga ilianza kutumia mashine tatu za upepo, zote pamoja megawati 2.4. Ni kidogo, lakini zinazunguka. Singida ilizungumziwa mipango ya megawati 50 na megawati 100 kwa miaka mingi, na mpaka mwaka 2024 hakuna hata mmoja uliokuwa umeingiza umeme katika gridi ya taifa.

Kwenye mfereji ndipo watu huumia. Tazameni wenzetu wa Kenya. Karibu na Loiyangalani, upande wa Ziwa Turkana, kampuni ilisimamisha minara 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mwaka 2017 minara ilikuwa tayari. Njia ya umeme, zaidi ya kilometa 400 mpaka Suswa, ilikuwa kazi ya shirika la serikali, kwa msaada wa mkopo wa Hispania. Mkandarasi wa Kihispania akafilisika njiani. Upepo ukavuma, minara ikasimama, na umeme wa kwanza haukupita mpaka Septemba 2018. Mkataba ulisema njia ikichelewa mwenye minara alipwe. Akalipwa. Serikali ilitoa sehemu, na sehemu nyingine ikaingizwa katika bei ya kununulia umeme ule. Yaani mama wa Kisumu mwenye balbu moja akachangia umeme ambao haukuwahi kufika popote. Tena Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kujitoa katika mradi ule mwaka 2012, ikihofia jambo la namna hiyohiyo, umeme kulipiwa bila kutumika.

Kwa hiyo swali la nani analipa lina mkia wake: ni nani analipa mambo yakiharibika? Huo mkia ndio unaoandikwa kwa herufi ndogo.

Kwetu, njia kubwa ya kilovoti 400 inayotoka Iringa, ikapita Dodoma na Singida mpaka Shinyanga, kama kilometa 670, ilijengwa na serikali kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Japani na wengine. Mikopo hiyo ni yetu sote. Mimi naona ni sawa. Njia ile leo inabeba umeme wa maji na wa gesi, kesho inaweza kubeba wa upepo wa Singida. Ukimwambia mwenye minara aijenge peke yake, ataweka gharama yote katika bei ya uniti, halafu atasema njia ni yake na jirani asipite.

Ila mtumiaji mkubwa anayetaka tawi lake mwenyewe, hapo nasema alichangie mapema. Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 shughuli zikafungwa. Hiyo ni miaka kumi na miwili. Mwembe wa mbegu ndiyo kwanza unazaa vizuri. Mnara wa chuma wa umeme unaishi zaidi ya hapo mara tatu au nne. Mgodi unaondoka, nyaya zinabaki. Kwa hiyo mchango utolewe mwanzoni, na njia iwe mali ya umma tangu siku ya kwanza.

Na hapa kuna jambo linalowachoma watu wa kwetu. Nyaya kubwa zinapita juu ya shamba, na chini yake mtoto anasoma kwa koroboi. Si lazima iwe ni ubaya wa mtu. Umeme wa msongo wa kilovoti 220 huwezi kuukata kipande ukautia nyumbani. Lazima upitie kituo cha kupoza umeme, ushuke mpaka kilovoti 33 au 11, halafu transfoma ya kijiji iushushe tena. Kituo ni ghali. Kisipoandikwa katika mradi tangu mwanzo, baadaye hakuna anayekikumbuka.

Nguzo ndogo za vijijini mnazilipia bila kujua. Someni ujumbe wa LUKU mnaponunua umeme. Mtaona kodi ya ongezeko la thamani, mtaona asilimia 1 ya EWURA, mtaona asilimia 3 ya REA. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopeleka nguzo vijijini, pamoja na tozo inayokatwa katika kila lita ya mafuta, hata ya trekta lako. Ndiyo maana mwanakijiji ameunganishiwa kwa shilingi 27,000 wakati gharama yenyewe ni kubwa mno kuliko hiyo. Mkulima wa pamba anajua makato. Haya nayo ni makato, ila yana faida inayoonekana.

Yuko mlipaji mmoja ambaye hatajwi katika hesabu yoyote, naye ni mwenye shamba. Njia ikipita, unapimwa mkuza. Ndani ya mkuza nyumba haikai, na miti mirefu inakatwa. Nilimwona mzee mmoja, sitasema ni mradi gani, ambaye miembe yake ilikatwa msimu wa kulima, na fidia akaisubiri mpaka mahindi ya mwaka wa pili yakavunwa. Huyo aliukopesha mradi bila riba na bila risiti. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Kanuni zake za mwaka 2001 zinataja posho ya usumbufu, na fidia ikichelewa kupita miezi sita riba inaongezwa. Gharama hiyo ni ya mradi, sawasawa na saruji na chuma.

Kwa hiyo wapimaji wakija kwenu, msikimbilie kupanda miche mipya ndani ya mkuza. Mthamini anajua mche wa jana. Hesabuni miti iliyopo, mmoja mmoja, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Siku ya uthamini baba awepo na mama awepo, maana mihogo mara nyingi ni ya mama. Mkutanoni muulizeni afisa mambo mawili: kituo cha kupoza kitajengwa wapi, na njia ikichelewa nani atalipa. Fomu usiitie sahihi kabla hujasomewa yote. Dai nakala yako, uitie katika mfuko wa plastiki, uiweke mahali ambapo mchwa hawafiki.