Simu Inaujua Mwamba, Haikujui Wewe

(Haya ni mazungumzo niliyofanya na klabu moja ya vijana, wiki moja kabla ya safari yao ya kukwea miamba katika Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha.)

Kabla sijaanza, nani hapa ana simu janja? Inueni mikono. Naam, karibu wote. Na nani ana kofia ngumu ya kukwea? Aa, sasa mnacheka! Basi mazungumzo yetu yanaanzia hapo hapo.

Zamani mkweaji alibeba kitabu chenye michoro ya mwamba. Leo kitabu hicho kimo ndani ya simu. Ziko programu kama Mountain Project ya Marekani, theCrag ya Australia na Rockfax ya Uingereza. Zinakuonyesha picha ya mwamba na njia zilizochorwa juu yake, urefu wa kila njia, ugumu wake, na mahali pa kuacha gari. Mimi si mmoja wa wale wanaosema simu imeharibu vijana. Nami ninazitumia. Lakini ngoja niwaambie kilichonipata.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwea njia moja na mwenzangu. Simu ilisema mita 32. Kamba yetu ilikuwa ya mita 60. Tukasema, ah, hii itabaki nyingi! Kumbe hatukupiga hesabu. Ukifika juu na mwenzako anakushusha, kamba inatoka kwake, inapanda hadi kwenye pete, kisha inateremka tena pamoja nawe. 32 mara mbili ni 64. Nilipobakiza mita 4 kufika chini, ncha ya kamba ikamponyoka mwenzangu mikononi. Nikaanguka juu ya mawe. Nilivunjika kifundo cha mguu, na miezi mitatu nikatembea kwa magongo.

Je, simu ilidanganya? Hapana. Ilisema 32, na kweli zilikuwa 32. Sisi ndio hatukuuliza swali la pili. Na fundo moja tu kwenye ncha ya kamba lingeniokoa. Fundo! Halina bei, halina chaji.

NANI AMEANDIKA, NA LINI?

Habari nyingi katika programu hizi zimeandikwa na wakweaji wa kawaida kama wewe. Mmoja anasema, "Njia rahisi, vyuma viko imara." Sawa, lakini alisema lini? Kama ni mwaka 2014, vyuma hivyo vimenyeshewa mvua miaka mingi tangu hapo. Tena huyo anayesema "rahisi" huenda amekwea miaka ishirini. Rahisi yake si rahisi yako.

Halafu kuna ile namba ya ugumu. Katika mfumo wa Kimarekani, ipi ngumu zaidi, 5.9 au 5.10? Wataalamu wa hesabu watasema 5.9. La! Soma kama "tisa" na "kumi". 5.10 ndiyo ngumu zaidi. Mfumo wa Kifaransa nao una 5c, 6a, 6b na kuendelea. Usipojua ni mfumo gani unaosoma, unaweza kujikuta katikati ya mwamba usiouweza, mikono inatetemeka.

SIMU HAIONI MVUA

Ninyi mnakwenda Hell's Gate. Mwaka 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walikufa kwenye korongo la mbuga hiyo. Walikuwa wakitembea tu, maji ya mafuriko yakawakuta ghafla. Mwaka 2019 mafuriko mengine yakaua watu saba hapo hapo. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu kule, wakati wewe una jua kichwani. Mstari kwenye simu utaendelea kukuonyesha njia vilevile. Kwa hiyo mkifika langoni, waulizeni askari wa mbuga: mvua imenyesha wapi? Wapi pamefungwa? Wakisema msipite, msipite.

Hata alama inayoonyesha mahali ulipo inaweza kukosea ukiwa kati ya kuta ndefu za mawe, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na kurudi. Na nyuki waliohamia kwenye ufa juzi, simu itawajuaje? Inua macho. Angalia. Sikiliza.

Na chaji je? Pakueni ramani na picha za njia mkiwa nyumbani, kwa sababu mtandao unaweza kukosekana. Mkifika, wekeni simu katika hali ya ndege ili isimalize chaji ikitafuta mtandao. Hiyo chaji ndiyo ya kupiga 999 au 112 mtu akiumia.

"LEO HAPANA"

Sasa jambo la mwisho, na kwangu ndilo kubwa. Simu haijui kama hukulala jana. Haijui kama una njaa, au kama unakwea kwa sababu tu fulani anakutazama. Hayo unayajua wewe peke yako. Wenzako watasema, "Wacha uoga bwana, si umeona simu inasema ni rahisi?" Wewe jibu, "Leo hapana." Inatosha. Mwamba utakuwepo wiki ijayo. Rafiki wa kweli atakushusha polepole, mtakunywa chai, na mtarudi nyumbani wazima.

KUMBUKA

• Urefu wa njia mara mbili usizidi urefu wa kamba.
• Funga fundo kwenye ncha ya kamba, kila mara.
• Vaa kofia ngumu, hata wewe unayeshika kamba chini.
• Anayeanza asiende bila mtu mwenye ujuzi.
• Mwachie mtu nyumbani habari: mnakwenda wapi, mtarudi saa ngapi.

JADILINI KATIKA KLABU

1. Njia ni mita 28, kamba ni mita 60. Inatosha? Na ikiwa kamba ilikatwa mita 5 mwaka jana?
2. Je, umewahi kufanya jambo la hatari kwa sababu uliona aibu kusema hapana? Leo ungesema nini?