Pikipiki: Kubandika au Kupaka Rangi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waendeshaji wa boda boda na mafundi wa rangi wa Migori na Homa Bay)



Nimeombwa kusema juu ya jambo linalobishaniwa kila siku stejini: pikipiki ikichakaa, ni heri kuibandika vinili au kuipaka rangi upya? Msidhani ni urembo tu. Abiria hukitazama chombo kabla ya kupanda, na fedha ya kazi hii inatoka katika unga wa watoto.

Kwanza, vinili. Huu ni utando wa plastiki, unene wake kama milimeta 0.1, wenye gundi upande mmoja. Fundi huupasha moto kidogo upate kunyooka penye kona. Kazi yake haikawii, na ukiuchoka waweza kuubandua. Lakini unataka mahali pasafi, pakavu na laini. Ukiubandika juu ya kutu, kutu haifi. Huendelea kula tangi chini kwa chini nawe huioni. Ukiubandika juu ya rangi inayobambuka, siku ya kuutoa utatoka pamoja na rangi. Petroli ikimwagika mdomoni mwa tangi kila mara, gundi hulegea. Karibu na ekzosi usiubandike kabisa.

Pili, rangi. Kazi nzuri ni kukwangua kutu mpaka chuma kionekane, kupiga msasa, kupaka praima, kisha rangi na vanishi. Hii ni kazi ndefu, lakini humkinga adui wa chuma, yaani maji. Ninyi mnaobeba samaki kutoka ufuoni Homa Bay mwajua jinsi maji yake yanavyochuruzika, na ninyi wa njia za machimbo ya Nyatike mwajua changarawe.

Basi shauri langu ni hili: tangi au madigadi ya chuma yenye kutu, paka rangi. Vifuniko vya plastiki vilivyo vizima, vinili yatosha. Anayekuambia atafunika kutu kwa bei nafuu anakuuzia hasara.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kifua cha fundi. Rangi nyingi za kuchanganya na hadina zina sumu iitwayo isosianeti. Mvuke wake ukivutwa waweza kuleta pumu, na kifua kikishaikataa, hata kidogo tu humkaba mtu. Kitambaa puani hakizuii sumu hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi vifaa vya kujikinga. Mwenye gereji asiseme upepo wa nje watosha. Nasi tunaopeleka pikipiki tusimbane fundi kwa bei hata akose fedha ya barakoa ifaayo. Yeye naye ni mfanya kazi.

Nne, kitabu cha pikipiki kimeandikwa rangi yake. Ukiibadilisha, kwa vinili au kwa rangi, peleka habari NTSA ili kitabu kirekebishwe, usije ukashikwa njiani kama mwizi wa chombo chako mwenyewe. Na kama ni ya mkopo, mwulize kwanza aliyekukopesha.

Ndugu, mwendeshaji na fundi wanategemeana. Tusitafute urahisi kwa kuumizana. Umoja ni nguvu.